SOMO: Kumzuia fukusi na dumuzi wasizaliane kwenye mahindi

Wakulima wenzangu, wengi wetu hukimbilia dawa wakati mdudu ameshazaliana. Tuanze na vinavyomwezesha kuzaliana: joto, unyevu na hewa.

Kwenye joto la nyuzi 27 hivi na hewa yenye unyevu wa asilimia 70, fukusi hutoka yai hadi mdudu kamili kwa wiki tano tu. Dumuzi, yule tunayemwita Scania, aliyetambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupenda joto zaidi: kwenye nyuzi 32 hukamilika kwa chini ya mwezi. Baridi huwachelewesha wote wawili.

1. Vuna mara mahindi yakikauka. Fukusi huanza kutaga shambani.

2. Anika juu ya turubai, kisha pima. Tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, bado ongeza jua kidogo, maana tunataka 13 au chini.

3. Pukuchua. Dumuzi huzaliana vizuri zaidi kwenye mahindi yenye magunzi, kwa sababu punje zilizoshikana humpa pa kujishikiza anapotoboa.

4. Pepeta, jaza mfuko wa matabaka usiopitisha hewa, kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake. Wadudu waliomo humaliza oksijeni wenyewe, wakaacha kula na kutaga.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nilikausha mpaka punje zikawa zinalia mdomoni, mbona unga unadondoka?
Jibu: Huyo ni dumuzi. Ukavu humpunguza sana fukusi, lakini dumuzi huzaliana hata kwenye punje zenye unyevu wa asilimia 9. Kwake hatua ya nne ndiyo kinga hasa.

Swali: Naruhusiwa kufungua kila wiki nichote ya kusaga?
Jibu: Kila ukifungua unawapa hewa. Tenga mfuko mdogo wa jikoni, mingine usiiguse.

Swali: Mvua imenibana. Nifunge yakiwa mabichi kidogo?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Yataota ukungu humo ndani, na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kupika. Yatandaze chini ya paa penye upepo, uyageuzegeuze mpaka jua lirudi.