Kupima pengo la afya kati ya maskini na matajiri kwa data za kaya

Tuchukue kujifungua mikononi mwa mtaalamu wa afya, kwa data za TDHS-MIS ya 2022, utafiti wa kaya wa Tanzania kuhusu idadi ya watu, afya na malaria. Utafiti huo hauna kipato cha kaya. Kuna alama za utajiri zilizokokotolewa kutokana na mali: paa, sakafu, umeme, televisheni. Katika faili la data, alama zenyewe ni safu v191; mafungu matano ya watu, kuanzia maskini kabisa hadi tajiri kabisa, ni v190. Uzito wa sampuli, v005, ugawe kwa 1,000,000 kwanza.

Mafungu yale yamekatwa kwa wanakaya wote, 20% kila fungu, si kwa vizazi (watoto waliozaliwa). Kaya maskini huzaa zaidi, kwa hiyo fungu la chini huwa na zaidi ya 20% ya vizazi. Ukijaza 20% kila fungu, jibu limeshapinda. Hesabu hisa halisi kwa uzito.

Kisha, kuanzia maskini kabisa, jumlisha hisa za vizazi (p) na hisa za waliohudumiwa (L), fungu juu ya fungu. Fahirisi ya mkusanyiko, C, yaani namba moja inayoonyesha huduma imeelemea upande gani, ni jumla ya p ya fungu mara L ya fungu linalofuata, toa p ya linalofuata mara L ya fungu.

Mfano wa kubuni, mafungu yakiwa sawa: huduma 60, 70, 80, 90 na 100%. L inakuwa 0.15, 0.325, 0.525, 0.75, 1. Hatua nne zinatoa 0.005, 0.015, 0.03 na 0.05; C = 0.1. Chanya maana yake huduma imeelemea kwa matajiri.

Sasa geuza swali: nani *amekosa* mtaalamu? Akina mama ni walewale, lakini C inaruka hadi -0.4, kwa sababu wastani umeshuka kutoka 0.8 hadi 0.2. Mtu angeweza kuripoti "pengo dogo" au "pengo kubwa" apendavyo! Kwa majibu ya ndiyo/hapana tumia sahihisho la Erreygers, linaloondoa athari hiyo ya wastani: 4 × wastani × C. Unapata 0.32 na -0.32. Bila hilo, usilinganishe mikoa yenye wastani tofauti.

Ukipima ndani ya vijijini pekee, hamia v191a, alama zilizokokotolewa kwa mijini na vijijini kila upande peke yake. Alama za taifa huwabana wanavijiji wengi chini. Makosa ya sampuli yakokotolewe kwa vishada (maeneo yaliyochaguliwa kwenye sampuli), v021.

Chora pia mchoro wa p na L. Mstari ukikata ulalo (mstari wa usawa, ambapo L = p), C inaweza kukaribia sifuri huku mafungu ya kati yakiwa nyuma.