Usianze na roketi: jinsi ya kumsimulia mtoto maisha ya Chiaki Mukai

Mara ya kwanza nilipowasimulia watoto habari za Chiaki Mukai, mwanamke wa kwanza wa Kijapani kwenda angani, nilianza na roketi. Moshi, moto, ngurumo, kuhesabu kinyumenyume. Watoto walishangilia, na roketi ilipopaa, kwao hadithi ilikuwa imekwisha. Kisha msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza: "Mwalimu, kabla hajapanda alikuwa anafanya nini?" Tangu siku hiyo naisimulia hadithi hii kwa kulijibu swali lake. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, uwe mzazi au mwalimu, ikiwa watoto wako wana miaka saba hadi kumi na mmoja.

Tafuta uzi wenye urefu wa mkono wako, chupa ya plastiki, msumari, maji, karatasi na penseli. Roketi ya kuchezea iache kabatini.

Anza na jina, kwa sababu jina la kigeni humtisha mtoto. Hili halitishi. Irabu za Kijapani zinatamkwa karibu sawa na zetu, kwa hiyo mwache mtoto asome kama anavyosoma Kiswahili: Chi-a-ki Mu-ka-i. Mji alikozaliwa tarehe 6 Mei 1952 nao unasomeka vilevile: Ta-te-ba-ya-shi, katika mkoa wa Gunma. Mtoto akishatamka Tatebayashi bila kujikwaa, Japani imemsogelea.

Kisha ingia kwenye mguu. Chiaki alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyeugua mguu. Kumwona ndugu yake akipata taabu ya kutembea ndiko kulikomfanya, akiwa na miaka kama kumi, aamue kuwa daktari. Hapa simama. Waulize watoto ni nani nyumbani kwao wangependa kumponya, na usiwaharakishe. Majibu yao yatachukua muda mrefu kuliko ulivyopanga, nawe uvumilie, maana mtoto aliyekwisha mtaja bibi yake au kaka yake hatamwona tena Chiaki kama picha tu ya mtu aliyevaa kofia kubwa.

Masomo yapitie haraka. Alikwenda Tokyo, akasoma sekondari ya wasichana ya Keio, kisha udaktari katika Chuo Kikuu cha Keio, akamaliza mwaka 1977 na kuwa daktari wa upasuaji wa moyo. Mwaka 1983 akaona gazetini kwamba Japani inatafuta wanaanga. Watu zaidi ya mia tano wakaomba nafasi hiyo. Mwaka 1985 wakachaguliwa watatu: Mamoru Mohri, Takao Doi na yeye.

Sasa toa uzi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wasimulizi wengi wanairuka kwa sentensi moja. Mwambie mtoto afunge mafundo kumi, moja kwa kila mwaka kuanzia 1985 hadi 1994. Fundo la kwanza: amechaguliwa. Muulize sasa: unadhani alipanda fundo la ngapi? Wengi hujibu la pili.

Fundo la pili ni 1986. Tarehe 28 Januari chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwemo wakafariki. Liseme hivyo hivyo, wazi na kwa sauti ya chini, bila kuonyesha video. Watoto wanaweza kubeba ukweli uliosemwa kwa upole. Ila nyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Safari zikasimama zaidi ya miaka miwili, na zamu ya Wajapani ikaahirishwa.

Alifanya nini akingoja? Alisoma. Alikwenda Houston kufanya utafiti kuhusu moyo na damu ya mtu aliye angani. Mwaka 1988 akapata shahada ya uzamivu katika fiziolojia. Fundo la nane, mwaka 1992, Mohri akapanda, naye Chiaki akabaki chini kama mtu wa akiba: alijifunza kazi yote ya safari ile, akiwa tayari, na hakuitwa. Mtoto ashike fundo hilo kwa vidole. Kwenye fundo la kumi, tarehe 8 Julai 1994, chombo Columbia kikaruka na yeye ndani. Mtoto wa miaka minane ataelewa mara moja ukimwambia kwamba Chiaki alingoja muda unaozidi umri wake wote.

Angalia kosa moja linalorudiwa sana. Mukai hakuwa Mjapani wa kwanza angani. Huyo alikuwa mwandishi wa habari, Toyohiro Akiyama, aliyepanda chombo cha Kisovieti mwaka 1990. Mukai ni mwanamke wa kwanza wa Kijapani, na baadaye akawa Mjapani wa kwanza kwenda mara mbili.

Kosa la pili ni kusema kwamba angani hakuna mvutano wa dunia. Kwenye kimo cha kilomita 300 mvutano bado una nguvu karibu asilimia 90 ya ule wa chini. Hapa tokeni nje na chupa. Itoboe tundu ubavuni, karibu na kitako, uzibe kwa kidole, ujaze maji, usifunge kizibo. Ondoa kidole: maji yanachuruzika. Sasa inyanyue juu kabisa na uiachie ianguke. Wakati inaanguka, maji hayatoki! Chupa na maji vinaanguka pamoja, kwa hiyo hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Rudia mara tatu, wape na wao. Columbia nayo ilikuwa ikianguka hivyo, lakini ilikwenda mbele kwa kasi ya kilomita kama 28,000 kwa saa, hata dunia ikawa inajipinda chini yake bila kufikiwa. Waliomo ndani wakaelea, na kila dakika 90 hivi walikuwa wameizunguka dunia.

Safari ile ilidumu karibu siku 15, na ndani yake walikuwemo samaki. Usiwasahau. Medaka ni samaki wadogo wa mashamba ya mpunga ya Japani, na walipelekwa wanne. Samaki wengi wakikosa uzito huzunguka ovyo kama gurudumu, hawajui chini ni wapi. Kenichi Ijiri wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliwachagua wasiozunguka hivyo. Walipandana, wakataga, na vifaranga wakaanguliwa hukohuko angani. Hadi leo sijamkuta mtoto asiyeuliza kama vifaranga wale walijua kuogelea waliporudi.

Safari ya pili, mwaka 1998 katika chombo Discovery, isimulie kwa ufupi: alikuwa na John Glenn, mwanaanga wa Marekani, mzee wa miaka 77, wakichunguza jinsi mwili unavyobadilika kwa uzee na kwa kukaa angani. Tumia muda wako kwenye shairi. Akiwa juu, Mukai alitunga nusu ya kwanza ya tanka, shairi la Kijapani lenye mizani 5, 7, 5, 7 na 7, akawaomba watu wa Japani wamalizie mistari miwili ya mwisho. Kwa Kijapani alisema:

Chuugaeri
nando mo dekiru
mujuuryoku

Sisi tuliokua tukihesabu mizani kwenye ushairi wetu, kazi hii tunaiweza. Nimeigeuza hivi, kwa mizani ileile:

Nabingirika,
narudia, sichoki,
sina uzito

Andika mistari hiyo mitatu, mpe mtoto karatasi, aongeze miwili yenye mizani saba saba. Ahesabu kwa vidole. Usimsahihishe maana, msahihishe mizani tu. Yule msichana wa nyuma alikuwa amesikia kwangu kwamba angani chozi halidondoki, hubaki limeshikamana na jicho kama mpira mdogo wa maji. Akaandika:

machozi yangu nayo
hayajui pa kwenda