Jinsi ya kuomba ISBN ya kitabu unachokichapisha mwenyewe

Omba ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu) muswada ukishahaririwa na jina la kitabu likishaamuliwa, lakini kabla jalada halijaenda kwa mpiga chapa.

Shirika la Kimataifa la ISBN lipo London, ila namba hutolewa na mawakala wa kila nchi. Mara nyingi wakala huwa ni maktaba ya taifa au chama cha wachapishaji. Orodha yao iko kwenye tovuti ya shirika hilo. Unaomba kwa wakala wa nchi uliko wewe mchapishaji, hata kama kitabu kitapigwa chapa ng'ambo. Kuna nchi zinazotoa bure na zinazouza. Zinapouzwa, ulizia bei ya namba nyingi kwa pamoja, kwani kwa kawaida kila moja hushuka bei.

Fomu itakuuliza jina la mchapishaji. Hapa usiharakishe. Tarakimu 13 za ISBN zina sehemu tano: 978 au 979, kundi la nchi au lugha, mchapishaji, kitabu chenyewe, na tarakimu ya ukaguzi. Ukipokea namba ya bure ya kampuni ya uchapishaji mtandaoni, sehemu ya tatu kwa kawaida ni yao, na siku ukihama huhami nayo. Ningeshauri uombe kwa jina lako au la kampuni yako, ulipie ikibidi.

Kisha hesabu maumbo ya kitabu. Jalada gumu lina namba yake, jalada laini yake, faili la EPUB (kitabu cha kielektroniki) yake. Tafsiri nayo yake. Kupiga chapa tena bila kugusa maandishi hakuhitaji namba mpya, wala kubadili bei. Toleo lililorekebishwa linahitaji.

Yaliyobaki kwenye fomu ni mepesi: mwandishi, mfasiri kama yupo, lugha, idadi ya kurasa, tarehe ya kutoka. Jina la kitabu liandike herufi kwa herufi kama litakavyosomeka kwenye jalada. Baadhi ya mawakala hutaka pia kuona ukurasa wa jina.

Namba ikifika, ikague. Zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana, ukianza na 1, kisha jumlisha zote 13. Jumla isipogawanyika kwa 10, kuna tarakimu imekosewa. Iweke kwenye ukurasa wa hakimiliki na nyuma ya jalada, pamoja na msimbopau. (Hakimiliki yenyewe haitoki kwenye ISBN. Katika nchi za Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kazi hulindwa bila kusajiliwa.)

Kitabu kikitoka, mjulishe wakala tarehe halisi ya kutoka, na upeleke maktaba ya taifa nakala zinazodaiwa na sheria ya nchi yako.