Ratiba ya picha kwa mtoto mwenye usonji: kuitengeneza, na kumzoesha mabadiliko

Mwongozo huu nimewaandikia walimu na wazazi, baada ya kumsaidia mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa akilia kila asubuhi tangu getini hadi darasani. Mtoto yule hakuwa mkaidi wala hakuwa amedekezwa. Hakujua tu kitakachofuata, na maelezo ya mdomo yalimpita kabla hajayashika. Watoto wengi wenye usonji (autism, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano) hushika vizuri zaidi kile kinachobaki mbele ya macho yao kuliko neno linalotamkwa na kupotea, na ndiyo sababu ratiba za picha, yaani picha za shughuli za siku zilizotundikwa kwa mfuatano wake, zina nafasi kubwa katika njia ya ufundishaji iliyoasisiwa na Eric Schopler na wenzake huko North Carolina, Marekani.

Hatua ya 1: Vifaa

Tafuta kamba ya kutundikia picha, vibanio vya nguo vya kuzishikia, vipande vya boksi na gundi vya kuzibandikia, na kopo moja la kuwekea picha za shughuli zilizokwisha. Vibanio ni bora kuliko velkro (utepe wa kubandika na kubandua), kwani mlio wa velkro inapobanduliwa huwaumiza masikio baadhi ya watoto. Ratiba ya kwenye simu siipendekezi hata kidogo: mtoto akiishika hutafuta katuni, na chaji ikiisha ratiba nayo imetoweka.

Hatua ya 2: Picha

Piga picha za vitu vyake mwenyewe: kikombe chake cha uji, mkeka wake, mlango wa choo cha shule yenu. Michoro ya kupakua kwenye intaneti, yenye basi la njano, haimwambii chochote mtoto anayekuja shule kwa daladala. Ikiwa picha bado haelewi, tundika kitu chenyewe.

Hatua ya 3: Kuanza

Anza na picha mbili tu, ya kwanza na ya kisha, na hiyo ya pili iwe ya jambo analolipenda. Simama nyuma yake, na akikubali kuguswa, msogeze kiwiko taratibu kuelekea kwenye picha bila kusema neno, kwa maana ukimwamrisha kwa mdomo kila mara atazoea kungoja sauti yako badala ya kuitazama ratiba. Shughuli ikiisha, aichomoe picha na kuitia koponi yeye mwenyewe.

Hatua ya 4: Mabadiliko

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mtoto akishaiamini ratiba, siku itakapokwenda kinyume nayo ataumia kuliko alivyoumia kabla hajawa nayo. Tengeneza kadi moja ya rangi asiyoiona kwingine, nami huchagua ya zambarau, iwe ndiyo alama ya kwamba jambo limebadilika. Usiitumie mara ya kwanza siku ya msiba au ya mvua kubwa. Ifundishe akiwa ametulia, na kwa mabadiliko ya kumfurahisha: mwoneshe picha ya hesabu, weka ile kadi juu yake, kisha pembeni tundika picha ya bembea, na mwende kwenye bembea papo hapo. Rudia mara nyingi kabla ya kuingia kwenye mabadiliko yasiyomgusa sana, kama kubadilisha mkeka, ndipo uje kwenye yale yanayouma, kama siku ambayo uji haukupikwa.

Picha ya kile kilichoahirishwa usiifiche. Ionekane chini ya kadi, na kama kitafanyika baadaye, isogeze, mtoto akiona, hadi mahali pake papya. Usiahidi usichokuwa na uhakika nacho. Kengele ya shule nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na ikigongwa ghafla karibu na mtoto asiyestahimili kelele, hakuna kadi itakayomsaidia. Basi elewana na mgongaji, picha ya kengele itangulie, na mtoto awe ameshasogezwa mbali. Akizidiwa hadi akapiga kelele au kujipiga, nyamaza, punguza watu, mkinge asijiumize, na ratiba iachwe kwanza, kwa sababu wakati huo hawezi kujifunza lolote wala hakufanyii jeuri.

Na akibadilika ghafla ilhali ratiba ni ileile, anza kwa kuchunguza maumivu: jino, sikio, tumbo, kukosa choo. Wengi hawawezi kusema panapouma, na mwalimu aliyekazana na picha huku mtoto ana jino lililooza anamtesa bila kujua. Mpelekeni hospitali.

Hatua ya 5: Kuendelea

Usiiondoe ratiba kwa kuwa mtoto ametulia, maana ametulia kwa sababu ipo. Anayejua kusoma abadilishiwe picha kwa maneno kwenye daftari dogo la mfukoni, ayakate kwa mstari mwenyewe kila shughuli inapoisha, na akifika ujanani aachiwe kuipanga sehemu ya siku yake kwa hiari yake, ikiwamo saa ya kukaa peke yake.