Prednisoloni kwa mtoto mwenye Duchenne: mwongozo kwa mzazi

Mzazi aliyeelezwa kwamba mwanawe ana Duchenne, ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, hutoka kliniki na jina la ugonjwa asilowahi kulisikia, pamoja na cheti cha dawa ambayo pengine anaifahamu, kwa kuwa jirani yake mwenye pumu aliwahi kuimeza. Prednisoloni ni rahisi kupatikana na bei yake si kubwa, na nadhani hilo ndilo linalowafanya wengi waichukulie kama dawa ya maumivu ya kichwa, ya kumeza leo na kuacha kesho. Kwa mtoto huyu ni dawa ya miaka mingi, nayo ina masharti yake.

Duchenne hutokana na kasoro ya jeni iliyo kwenye kromosomu X, ndiyo maana huwapata zaidi watoto wa kiume. Mwili hukosa distrofini, protini inayoikinga seli ya msuli isichanike kila msuli unapofanya kazi. Prednisoloni hairekebishi kasoro hiyo. Hupunguza uvimbe unaozidi kuiharibu misuli iliyokwisha kuumia, na kwa njia hiyo huahirisha kudhoofika: watoto wasiotumia steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, kwa kawaida hushindwa kutembea kabla ya kutimiza miaka 13, ilhali wanaozitumia mfululizo huongeza takriban miaka 2 hadi 4 ya kutembea.

Muda mzuri wa kuanza ni kabla nguvu hazijashuka sana, mara nyingi kwenye umri wa miaka 4 au 5. Mtazame mtoto akiinuka mkekani. Akigeuka kifudifudi, akanyanyua makalio, kisha akapandisha mikono juu ya mapaja yake kana kwamba anajipanda mwenyewe, misuli ya nyonga imekwisha kulegea, na hakuna faida ya kusubiri zaidi mazungumzo na daktari. Kabla ya kidonge cha kwanza, hakikisha chanjo zimekamilika, hasa za virusi hai kama ya surua na, inapopatikana, ya tetekuwanga, kwa sababu baadaye huenda zisiruhusiwe. Mwambie daktari pia kama nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu, au kama mtoto hutembea pekupeku kwenye udongo. Wapo minyoo wanaoingilia ngozi ya miguu ambao huwa hatari sana kinga ya mwili ikishushwa.

Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 15, yaani vidonge vitatu vya miligramu 5. Deflazakoti, dawa ya jamii hiyohiyo, hutolewa kwa miligramu 0.9 kwa kilo, kwa hiyo vipimo vya dawa hizi mbili visibadilishanwe kienyeji. Mpe asubuhi baada ya uji au chai na kitafunwa: tumbo litakuwa na kitu, na dawa itafuata saa ambazo mwili wenyewe hutoa homoni ya aina hiyo. Ikimezwa usiku, mtoto anaweza kukosa usingizi.

Sasa sharti lisilo na mjadala: usiiache ghafla. Mtoto akiimeza kila siku kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza kortisoli, ile homoni ya mwili wenyewe inayofanana na dawa hii, nazo haziamki kwa siku moja. Dawa ikikatika, mtoto anaweza kulegea, kutapika, sukari na presha kushuka, na akapoteza maisha. Basi anapokwenda likizo kwa bibi, vidonge vifungashwe kabla ya nguo, tena vizidi siku za safari. Akitapika hata dawa isikae tumboni, mpeleke hospitali usingoje siku ipite, ukawaambie waziwazi kwamba hutumia steroidi kila siku na huenda akahitaji sindano ya haidrokotisoni, ambayo nayo ni steroidi. Maneno hayohayo yaandikwe kwenye kadi ndani ya mkoba wake wa shule, kwa kuwa akivunjika mfupa, akipata homa kali au akihitaji upasuaji, mwili hudai kipimo kikubwa kuliko cha kila siku. Mtaalamu wa usingizi naye aambiwe kuhusu Duchenne yenyewe, maana zipo dawa za usingizi ambazo watoto hawa hawapewi.

Madhara yapo, na kuyaficha hakumsaidii mtu. Uso huviringika, njaa huongezeka, kimo hukua polepole, balehe huchelewa, na wengine huwa wakali kwa namna inayowachosha hata ndugu zao. Weka daftari la uzito, kimo na presha kwa kila kliniki. Punguza soda na vyakula vya kukaanga tangu wiki ya kwanza, kabla uzito haujapanda, na umzoeshe maziwa na dagaa kwa ajili ya mifupa; vitamini D ipimwe inapowezekana. Macho yachunguzwe kila mwaka kwa ajili ya mtoto wa jicho. Maumivu ya mgongo yasihesabiwe kuwa uchovu wa michezo: pingili zinaweza kubonyea bila mtoto kuanguka, na picha ya eksirei ndiyo itakayoonyesha. Madhara yakizidi, daktari anaweza kushusha kipimo kwa robo hadi theluthi, kisha kumwangalia tena baada ya mwezi mmoja hivi, badala ya kuikatisha tiba.

Wazazi wengi huuliza kama kuna haja ya kuendelea mtoto akishaingia kwenye kiti cha magurudumu. Ipo, ingawa kipimo huweza kupunguzwa. Dawa huendelea kuhifadhi pumzi na kupunguza kupinda kwa uti wa mgongo, na huchelewesha siku ambayo kijana hataweza tena kuinua kikombe chake cha chai hadi mdomoni.