Krambo ya matunda yenye viungo: gamba likauke, matunda yasigeuke uji

Krambo ina sehemu mbili tu. Chini yamo matunda yaliyopikwa kwa sukari na viungo. Juu yake limetandazwa gamba la unga, siagi na sukari, lililofikichwa kwa vidole likaachwa vivyo hivyo katika chembe na madonge. Hakuna kukanda wala kusukuma. Ndiyo maana wengi huiona kazi nyepesi, wakamwaga kila kitu kwenye bakuli na kusubiri. Wakija kupakua wanakuta uji chini na unga ulioloa juu.

Nimeipika krambo kila msimu wa majani kupukutika kwa miaka mingi, na nyingi zilizoniharibikia ziliharibiwa na kitu kimoja: maji. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa tufaa ni maji. Ukitia kilo moja ya matufaa mabichi chini ya unga, umeweka zaidi ya gramu 800 za maji chini ya kitu unachotaka kikauke. Joto likipanda, nyama ya tunda inalegea, maji yanatoka, na mvuke wake hauna pa kupita ila ndani ya gamba lako. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuyatoa maji hayo mapema, na namna ya kuliandaa gamba ili lipitishe mvuke bila kulowa.

Msimu wenyewe ni rafiki wa mpishi. Kaskazini mwa dunia ni Septemba hadi Novemba, kusini ni Machi hadi Mei: matufaa, peasi na plamu huiva kwa kufuatana, na blakiberi za mwisho huwa bado zipo vichakani.

Mahitaji, kwa watu 6

Matunda:
- matufaa gramu 800, yapimwe kabla ya kumenywa
- peasi 2, zilizoanza kuiva lakini bado ngumu
- blakiberi gramu 150 (au plamu 4 zilizokatwa vipande)
- sukari ya kahawia gramu 70
- siagi gramu 25
- maji ya limau kijiko 1 cha chakula
- wanga wa mahindi kijiko 1 cha chai
- chumvi, chembe kidogo tu

Viungo:
- mdalasini wa unga kijiko 1 na nusu cha chai
- tangawizi ya unga nusu kijiko cha chai
- iliki 4
- karafuu 2
- kungumanga, ya kukwaruza

Gamba:
- unga wa ngano gramu 180
- oti bapa gramu 60
- sukari ya kahawia yenye chembe kubwa gramu 90
- siagi baridi gramu 120
- chumvi robo kijiko cha chai, ikiwa siagi yako haina chumvi
- maji ya baridi kijiko 1 cha chakula

Tumia siagi halisi ya maziwa. Majarini itafanya kazi, lakini gamba litakosa ile harufu ya siagi iliyoungua kidogo, ambayo kwangu ni nusu ya utamu wa krambo. Bakuli la kuokea liwe na kina cha sentimita 5 hivi, upana wa 20 kwa 25.

Kwanza, chagua matufaa kwa tabia yake

Hapa usifanye haraka. Matufaa hayafanani mbele ya moto. Yapo yanayosambaratika kabisa yakawa kama povu, na yapo yanayobaki vipande hata baada ya saa nzima. Bramley ndiyo mfano mkubwa wa kundi la kwanza. Ni kali mno kuliwa mbichi, lakini ikipikwa inafumuka na kuwa laini bila kusukumwa. Mti wake wa kwanza uliota kutokana na mbegu aliyoipanda msichana Mary Ann Brailsford mwaka 1809 huko Southwell, Uingereza, na wapishi wa krambo wa nchi ile hadi leo huanzia kwenye tufaa hilo. McIntosh nayo huvunjika upesi. Kundi la pili lina Granny Smith, Braeburn na Golden Delicious.

Ushauri wangu ni kuchanganya: nusu ya yanayovunjika, nusu ya yanayoshikilia. Yale ya kwanza yanakuwa rojo linalofunga kila kitu, ya pili yanakupa kitu cha kutafuna. Ukipata aina moja tu, chukua iliyo chachu. Sukari unaweza kuiongeza wakati wowote, lakini tufaa tamu lisilo na uchachu likikutana na sukari na siagi hutoa kitindamlo kinachochosha mdomo kwenye kijiko cha tatu. Ukilazimika kutumia la namna hiyo, punguza sukari ya matunda hadi gramu 40 na uongeze limau maradufu.

Pili, andaa viungo

Pasua iliki, toa punje nyeusi, tupa maganda. Zitwange pamoja na karafuu hadi ziwe unga laini, kisha changanya na mdalasini na tangawizi. Kungumanga iache nzima kwanza.

Karafuu mbili zinaonekana chache, najua. Usiongeze. Mafuta yake yana yujino, ambayo ndiyo inayotia ganzi kwenye ufizi mtu anapotafuna karafuu akiumwa jino, na ikizidi kwenye krambo hutasikia tena ladha ya tunda lolote. Mdalasini ni kinyume chake: unavumilia mkono mzito. Ipo mdalasini ya aina mbili sokoni. Ile inayotoka hasa Sri Lanka ina magome membamba yaliyokunjwa tabaka juu ya tabaka, na harufu yake ni ya upole. Nyingine, kasia, ina gome nene na gumu, na ukali unaouma ulimi kidogo. Kwa chai au maziwa nachagua ile ya kwanza. Kwa krambo nachukua kasia, kwa sababu inastahimili moto wa oveni na haimezwi na uchachu wa matufaa.

Unga wa viungo uliokaa kwenye kopo tangu mwaka juzi hauna kazi hapa. Fungua kopo unuse. Kama inakubidi uingize pua ndani ndipo usikie kitu, nunua mpya.

Tatu, fikicha gamba kabla hujagusa matunda

Wengi huanza na matunda. Mimi huanza na gamba, kwa sababu linahitaji muda wa kupoa.

Changanya unga, oti, sukari na chumvi kwenye bakuli pana. Kata siagi iliyotoka kwenye friji iwe vipande vya ukubwa wa dadu, uvimwage humo. Sasa fikicha kwa ncha za vidole, si kwa viganja. Viganja vina joto, na siagi huanza kuyeyuka ikifika nyuzi 30 na kitu, chini kidogo ya joto la mwili wako. Ikiyeyuka inaingia ndani ya unga na kutengeneza kinyunga cha mafuta, nacho kikiokwa kinatoka kigumu kama kigae. Ikibaki baridi inazunguka chembe za unga kwa nje tu. Ndani ya oveni inayeyuka na kuacha nafasi, na nafasi hizo ndizo zinazovunjika mdomoni.

Inua mchanganyiko juu, usugue kidole gumba juu ya vidole vingine, uuache udondoke. Ukiona sehemu kubwa imekuwa kama mchanga uliolowa, na hapa na pale bado kuna vipande vya siagi vyenye ukubwa wa punje ya harage, acha hapo hapo. Nyunyizia kile kijiko kimoja cha maji ya baridi, koroga kwa uma mara chache. Utaona madonge yanajikusanya yenyewe, makubwa na madogo. Ndiyo unayoyataka: chembe ndogo zinaungua vizuri kwenye kingo, madonge makubwa yanabaki na kiini laini.

Weka bakuli lote kwenye friza kwa dakika 15 au 20. Hatua hii nilikuwa nairuka, na gamba langu lilikuwa likitambaa na kuwa tambarare kabla halijashika.

Nne, pika matunda, utoe maji yake

Washa oveni ifike nyuzi 190 za Selsiasi. Kama ina feni, 170 inatosha.

Menya matufaa na peasi, toa moyo wenye mbegu. Matufaa yanayovunjika yakate vipande vidogo. Yanayoshikilia pamoja na peasi yakate vipande vya sentimita 2 hadi 3. Yanyunyizie limau ili yasigeuke rangi.

Yeyusha gramu 25 za siagi kwenye sufuria pana, moto wa wastani. Upana ni muhimu, maana sufuria nyembamba yenye kimo inarudisha mvuke kwenye matunda. Siagi ikianza kutoa povu, mwaga viungo ndani na ukoroge kwa nusu dakika. Harufu za mdalasini, karafuu na iliki zimo kwenye mafuta yake, nayo huyeyuka ndani ya siagi kuliko ndani ya maji. Zikipita kwenye siagi ya moto kwanza, ladha inaenea kwenye kila kipande. Zikinyunyizwa kavu juu ya matunda, utakutana na madoa ya mdalasini usiolainika. Usingoje hadi viungo viwe vyeusi, kwani vikiungua vinatoa uchungu ambao sukari haiwezi kuuficha.

Tia vile vipande vidogo vya matufaa, sukari na chembe ya chumvi. Sukari itavuta maji nje, na baada ya dakika chache utaona yanachemka. Usifunike. Koroga mara moja moja kwa dakika 8 hivi, hadi vipande vianze kulegea na maji yawe mazito kama asali nyepesi. Ndipo utie vipande vikubwa vya matufaa na peasi, uvipike dakika 4 au 5 tu. Vinatakiwa viingie oveni vikiwa bado vigumu katikati.

Koroga wanga wa mahindi kwenye kijiko kimoja cha maji, mimina, geuza mara mbili, ipua. Kwaruza kungumanga sasa, mara 10 hivi kwenye kikwaruzo chembamba. Harufu yake huruka upesi, ndiyo maana huwa ya mwisho. Blakiberi usizipike. Zichanganye zikiwa mbichi, kwa mkono mwepesi, maana zikikorogwa zinapasuka na kila kitu kinakuwa zambarau.

Onja. Matunda yawe na uchachu kuliko unavyopenda, kwa sababu gamba linakuja na sukari yake.

Mwaga kwenye bakuli la kuokea, uyaache yapoe kwa dakika 10 hivi. Matunda yanayotoa moshi yatayeyusha siagi ya gamba kutoka chini kabla oveni haijalishika kutoka juu.

Tano, tandaza na uoke

Toa gamba kwenye friza, litawanye juu ya matunda kwa vidole. Usilishindilie wala usilisawazishe kwa kijiko. Ukilibana unaziba njia za mvuke, na unyevu wote utabaki chini ya unga. Anzia kingoni kuja katikati, na katikati pawe pembamba kidogo, kwa sababu pale ndipo panapochelewa kuiva.

Weka trei chini ya bakuli, kwani juisi ikifurika na kuungulia sakafuni mwa oveni, kuisugua ni kazi ya kutwa. Oka dakika 35 hadi 40. Usiamini saa peke yake. Angalia vitu viwili: gamba liwe na rangi ya hudhurungi ya dhahabu hadi kwenye madonge ya katikati, na juisi ichemke kingoni kwa mapovu mazito yanayopasuka polepole. Mapovu mepesi yanayokimbia maana yake wanga haujashika bado, basi ongeza dakika 5. Gamba likiwahi kuiva kabla ya juisi, lifunike kwa karatasi ya alumini bila kulibana.

Kisha subiri

Dakika 20, juu ya meza, bila kufunikwa. Ukichota mara tu inapotoka, rojo litakuwa jepesi na utadhani umekosea. Linavyopoa, wanga na pektini ya matufaa vinashikana na rojo linakaza. Pia ladha ya viungo haisikiki vizuri katika joto linalounguza ulimi.

Ipakue ikiwa vuguvugu. Watu wengi huila na kastadi ya moto, nami siwapingi, lakini napenda zaidi krimu ya baridi isiyo na sukari, imiminwe pembeni na si juu, ili gamba libaki kavu hadi kijiko cha mwisho.

Iliyobaki weka kwenye friji, itakaa siku 3. Ipashe kwenye oveni kwa nyuzi 160, dakika 15. Maikrowevu italainisha gamba lote. Ukipenda kujirahisishia, fikicha gamba maradufu na uhifadhi nusu kwenye friza ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Linakaa miezi 3, na hulitandaza likiwa limeganda vile vile, bila kuliyeyusha. Siku hiyo ongeza dakika 5 za kuoka.