Kuokota akiki jangwani: zoeza jicho pwani kwanza

Kila nikirudi Unguja kutoka Oman, wenzangu hushika pete yangu na kuniuliza jiwe lake, akiki, naokota wapi. Si Nungwi, ndugu zangu, ni jangwani huko Oman. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe. Akiki nyingi huzaliwa ndani ya matundu ya mawe ya volkeno: maji yenye silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo) hupita humo na kuacha tabaka juu ya tabaka mpaka tundu lijae. Mwamba ukishaoza, akiki hubaki kwa ugumu wake, na mafuriko huitawanya kwenye changarawe.

1. Anzia nyumbani. Maji yakipwa, saa kumi na moja jioni, nenda Bububu utembee ukilielekea jua. Tafuta vigae vya chupa vilivyolainishwa na bahari. Jiwe la kawaida litakuonyesha kivuli tu, kigae kitawaka kwa ndani. Mwako huo ndio utakaoutafuta jangwani.

2. Safari. Nenda miezi ya baridi, Novemba hadi Februari, na magari mawili. Chukua angalau lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku. Ukiona wingu milimani, toka kwenye wadi (bonde la mto mkavu) hata kama juu yako ni kweupe. Maji hayapigi hodi. Penye hifadhi au magofu usiokote kitu.

3. Kutembea. Asubuhi jua likiwa chini, au alasiri. Nenda polepole, kushoto kulia, kama anayefagia ua. Adhuhuri pumzika kivulini, maana kila jiwe huwa jeupe.

4. Kulitambua. Hapa ndipo watu wanapokosea, nami nimo. Safari ya kwanza nilibeba nusu gunia. Sonara wa Mji Mkongwe akachagua matatu, mengine akaniambia nikajazie msingi wa nyumba. Nilikuwa nikiokota mazuri! Akiki ghafi ina sura mbaya: ngozi ya vishimo kama ganda la chungwa. Tazama palipomeguka, utaona mng'ao wa mshumaa na mkunjo kama ndani ya kombe la pwani. Lilowanishe, mistari itajitokeza. Liweke mbele ya tochi ya simu: ukingo mwembamba hupitisha mwanga. Kisu cha kawaida hakilikwaruzi, lenyewe hukwaruza kioo. Ukibaki na shaka, kwaruza kidogo upate unga, kamulia ndimu. Likitoa povu ni chokaa, litupe. (Mimi ndimu haitoki mfukoni, sikujua itanifaa zaidi ya kwenye samaki.)

5. Ukifika nyumbani. Osha kwa sabuni na mswaki mkuukuu. Usilisage kavu kwa mashine ya fundi vigae, vumbi la silika huharibu mapafu. Mpelekee mtu anayekata huku maji yanatiririka, na kabla hajaanza mwonyeshe mistari unataka ilale upande gani wa pete.